Waya wa Treni Haulali, Hata Reli Ikiwa Tupu

Kila kipande kipya cha SGR, reli yetu ya kisasa ya treni za umeme, kinapokaribia kuwashwa umeme tunapitisha gari la matangazo, tunabandika mabango na kukaa na wenyeviti wa vijiji. Baadaye tunakuta ng'ombe ndani ya mkuza wa reli, yaani eneo la hifadhi ya reli, na mchungaji anatujibu: "Mbona treni haijapita tangu asubuhi?"

Treni haihusiki hapo. Waya ule una volti 25,000. Soketi ya nyumbani ina 230. Unalishwa na vituo vya kupozea umeme vilivyo kando ya njia, vinavyochukua umeme kwenye gridi ya Taifa usiku na mchana, treni iwepo isiwepo. Tena treni yenyewe huurudisha: dereva akifunga breki mteremkoni, mota zilizokuwa zikivuta mabehewa zinageuka jenereta, na umeme wake unapanda kwenye waya ukatumiwe na treni nyingine.

Lipo na lalamiko kwamba treni "inakula umeme wetu". Jamani! Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Treni moja ya abiria inahitaji megawati chache tu. Swali la maana ni la moshi. Kichwa cha treni ya umeme hakina bomba la moshi, lakini usafi wake unategemea kinachozungusha mitambo, na gridi yetu ina maji na ina gesi asilia. Mto Rufiji unaolisha bwawa hilo ukijaa, safari ya Dodoma inatumia maji zaidi. Mitambo ya gesi ikibeba mzigo, moshi upo, ila umehamia kule mitamboni. Kichwa cha dizeli hakina nafuu hiyo. Mvua inyeshe isinyeshe, kinatoa moshi ule ule.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe wote. Anayetaka kukata mti ulioinamia waya, kuvusha mzigo mrefu au kupitisha laini ya umeme au simu juu ya reli atuombe sisi wa reli kwa maandishi na kuambatanisha mchoro. Mhandisi atafika kupima. Siku ikipangwa, mdhibiti wa umeme wa reli anazima kipande husika, fundi anahakiki kwa kipimo kwamba umeme haupo, kisha zinafungwa nyaya za kuushusha ardhini pande zote mbili za eneo la kazi, kwa kuwa waya uliozimwa unaweza kuambukizwa umeme na nyaya jirani. Ndipo kibali kinasainiwa, kwa saa zilizoandikwa. Saa zikiisha watu wanahesabiwa, kibali kinarudishwa, nyaya za ardhini zinafunguliwa, umeme unarudi. Simu ya mdomo kwa "jamaa wa reli" si kibali.

Kuingia kwenye mkuza bila ruhusa ni kosa kisheria. Anayekata nyaya au kung'oa vifaa anaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi, na hasara atadaiwa.

Viatu vya mpira havisaidii. Umeme huu hausubiri uguswe, unaruka hewani ukiusogelea mno. Watu hucheka wakisikia ngedere kasimamisha treni, lakini inatosha mguu ukanyage chuma cha nguzo na mkia uguse waya. Na mkia wa ngedere ni mfupi kuliko upembo wa kuangulia maembe.