Inama uangalie chini: dhana potofu kuhusu meza za zamani na za kisasa

Anayetafuta meza Nairobi hapungukiwi na washauri. Jirani ana lake, shemeji ana lake, na muuzaji wa Dagoretti Corner ana zaidi. Karibu wote huzungumzia uso wa meza. Mimi nasema piga goti kwanza uangalie chini yake, ndipo uulize bei. Huko chini ni nadra mtu kupaka rangi ili kumvutia mteja.

“Za zamani ni mbao tupu, za leo ni maganda.”

Si kweli kwa pande zote mbili. Vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri linalobandikwa juu ya mbao nyingine, ilitumika tangu Misri ya mafarao, na meza nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ni plaiwudi au chipbodi iliyovikwa vinia ya tiki. Hilo si kosa, kwani vinia nzuri juu ya plaiwudi nzuri haipindi upesi kama ubao mpana. Kwa upande wa pili, fundi wa Gikomba anaweza kukutengenezea leo meza ya mvule tupu ambayo wajukuu wataigombania. Tazama ukingo. Mistari ya mbao ikitoka juu na kushuka hadi kichwa cha ubao, hiyo ni mbao tupu. Ikikatikia kwenye pembe, kuna ganda. Ukiona chengachenga zilizoshikwa kwa gundi, hiyo ni chipbodi, na maji ya kupigia deki yataivimbisha kuanzia miguuni.

“Ikiwa nyekundu ni mahogani.”

Wekundu huo mara nyingi umetoka kwenye kopo. Saiprasi ikipakwa rangi na vanishi hupendeza vilevile, na sina neno nayo mradi iuzwe kwa bei ya saiprasi. Chini ya meza, pasipopakwa, utaikuta mbao iliyopauka, ya manjanomanjano, yenye vifundo vidogo.

“Nzito ndiyo imara.”

Ubao wa MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni mzito kuliko saiprasi ya ukubwa uleule. Uzito mwingine ni maji tu: mbao haijakauka. Ikifika sebuleni hunywea kwa upana wake, hasa katika ukavu wa Januari na Februari, na uso wa meza ukapasuka. Hata meza iliyoletwa kutoka Lamu au Mombasa, iliyozoea unyevu wa bahari, inaweza kupasuka ikifika huku juu. Muulize fundi kama mbao zilikaushwa kwenye tanuri, kisha uchunguze uso ulivyoshikwa na fremu. Fundi mzuri hupitisha skrubu kwenye matundu marefu kidogo ili ubao upate nafasi ya kutanuka na kunywea. Ukigandishwa kwa gundi na misumari pande zote, utajipasua wenyewe. Uimara uko kwenye viungo: shika pembe, sukuma kwa ubavu, usikilize. Mguu ulioungwa kwa ulimi ndani ya tundu hautikisiki ovyo.

“Ina matundu ya wadudu, achana nayo.”

Tundu ni mlango ambao mdudu alitokea, pengine miaka mingi iliyopita. Matundu ya zamani yana kingo zilizoingia uchafu, mapya ni meupe ndani. Tandika karatasi nyeupe, gongagonga mguu. Unga laini ukidondoka, fukusi bado wanakula, na hiyo usiiingize nyumbani kabla haijatibiwa.

“Ipige msasa, ipake vanishi mpya, thamani itapanda.”

Hili linaniuma kuliko yote. Meza nyingi za kale zilipakwa shelaki, utomvu wa mdudu kutoka India na Thailand ambao huyeyuka kwa spiriti. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa mahali pa kujificha: pakinata, hiyo ni shelaki, na fundi anayeijua anaweza kuongeza tabaka juu ya lile la zamani bila kukwangua chochote. Mashine ya msasa ikishatoboa vinia, hakuna wa kuirudisha, na wanunuzi wa vitu vya kale huthamini uso wa asili. Anza na kitambaa chenye unyevu kidogo na nta.

Kwa za kisasa, wengi huamini marumaru haidhuriki kwa kuwa ni jiwe. Limau la kachumbari huila, likaacha doa lililofifia lisilotoka kwa sabuni. Graniti huvumilia zaidi.

Na wanaosema ya zamani haikai na viti vya kisasa, wapime kwanza. Meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, na kati ya kiti na uso wake ziachwe kama 30. Kila mlaji apewe 60 za upana. Pima pia mlango na kona za ngazi za ploti yako, na kama hazitoshi, muombe fundi afunge miguu kwa boliti.