Mwembe wako si dume, weka panga chini

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Ng'ambo alikuja kitaluni akaniomba mche wa mwembe "wa jike". Nikamuuliza ule aliouotesha mwenyewe kwa kokwa umepatwa na nini, maana naujua, ulikuwa umeshapita bati. Akasema wameukata. Fundi aliyekuja kuchimba choo kawaambia ni dume: miaka sita hauzai, unawajazia majani tu uani.

Miaka sita! Nilimpa stuli akae.

Hakuna mwembe dume. Nasema hivi kila msimu na kila msimu naletewa kesi hiyo hiyo. Mwezi wa saba miembe ikichanua, vunja shada moja ulitazame kwa karibu, na kama macho yako ni kama yangu, vaa miwani. Utakuta maua ya namna mbili yamechanganyika. Mengine yana chavua tu. Mengine yana chavua na pia kile kidonge cha kijani katikati, kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho ndicho embe lenyewe likijaliwa. Yote yamo kwenye shada moja la mti mmoja. Yale ya chavua tu mara nyingi ndiyo mengi, na hata yenye kidonge hupukutika karibu yote. Shada la mamia ya maua likikupa maembe mawili, limefanya kazi yake. Kwa hiyo ukiona maua yamejaa chini, mti haujakukataa.

Basi mbona hauzai? Kwanza umri. Mche wa kubebesha umepewa kikonyo kutoka kwenye mti ambao umeshazaa, yaani ni mtu mzima aliyevalishwa mizizi ya mtoto. Ndiyo maana wakati mwingine unatoa maua ungali kwenye kiriba. Wa kokwa ni mtoto kweli, na utoto wake hauruki. Mwembe kukaa miaka mitano hadi minane ni jambo la kawaida, na mparachichi unaweza kuvuka kumi. Zamani nilikuwa nawaambia wateja "miaka mitano" kwa sauti ya mtaalamu, mpaka mwembe wangu mwenyewe nyuma ya jiko ulipofika mwaka wa kumi na moja ndipo ukanipa maembe matatu. Siku hizi nasema "subiri", kisha nauliza habari za watoto.

Embe ya Haden, iliyovuma dunia nzima, ilitokana na kokwa alilootesha mzee mmoja, Kapteni Haden, kule Florida mwaka 1902. Yeye alifariki kabla hajaonja, mjane wake akautunza, mti ukazaa mwaka 1910. Hiyo ni miaka minane. Fundi wetu wa choo angekuwa Florida, leo tusingekuwa na Haden wala Tommy Atkins, ambayo nayo ni mtoto wake kwa kokwa. Na hii miembe mikubwa ya Tabora, ya tangu enzi za misafara, ambayo sote tumekula chini yake, nayo ilianza kama makokwa.

Sababu nyingine nazipitia haraka. Maji ya bafuni: mwembe unataka ukame na kaubaridi ka Juni ndipo upumzike na kuweka maua, ukiunywesha kila siku unachipua majani tu. Samadi ya kupitiliza, vivyo hivyo. Kivuli cha nyumba. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, kwenye maua. Hapo dawa ya salfa, mapema, si baada ya shada kuwa jeusi.

Sasa niseme lililo gumu kidogo. Wazee wetu nyumbani walikuwa wanautisha mti. Mmoja anaunyooshea panga, mwenzake anautetea, "Mwache, mwakani atazaa!", kisha wanauchanja ganda mara mbili tatu. Na kuna miti ilizaa. Maelezo yake yapo: chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia ganda la ndani, ukilikata kinabaki juu, na mti unaweza kusukumwa kuchanua. Lakini mti uliochanjwa mwaka wa saba ukazaa wa nane, nani ataniapia kwamba ni panga na si umri? Mimi nimeshachanja miwili. Mmoja ulizaa, mmoja ukaliwa na mchwa kupitia kidonda. Sichanji tena.

Dume ninalolikubali ni la mpapai. Huo una dume, jike, na ule wenye ua la jinsia zote mbili. Dume utalijua kwa maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Ya jike yamebana shinani. Papai la duara kwa kawaida ni la mti jike, na kama lilichavushwa na dume, karibu nusu ya mbegu zake zitakuwa madume. Lile refu ni la mti wa jinsia mbili. Likijichavusha lenyewe halitoi dume hata moja. Kwa hiyo kausha mbegu za papai refu, panda mitatu kila shimo, ngoja maua, ndipo ung'oe. Kuchagua jike kwa kutazama mzizi wa mche ni kupiga ramli. Na ule msumari ambao watu hulipigilia dume la mpapai ili lizae? Dume la mpapai lina tabia ya kubadilika lenyewe hali ya hewa ikibadilika, likaning'iniza vipapai kwenye vikonyo. Sifa anapewa msumari.

Mng'ong'o pia una dume na jike, tena ni wa ukoo mmoja na mwembe. Pengine uvumi ulianzia huko. Mparachichi hauna dume: kila ua hufunguka mara mbili, kwanza kama jike, kisha kama dume.

Mama aliniuliza kisiki akichome moto au vipi. Nimemwambia akiache. Mwembe ukikatwa huchipua, na chipukizi likinenepa kama penseli nitakwenda kulibebesha hapo hapo, juu ya mizizi ya miaka sita. Sharti langu ni moja: siku hiyo fundi wa choo asiwepo.