Kwani analipwa kwa kucheza na mtoto? Maswali kuhusu wachanganuzi nafsi wa watoto na vijana

Mchanganuzi nafsi wa watoto ni nani? Ni tofauti na daktari wa akili?

Ndiyo. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia hupima mambo kama uwezo wa kujifunza, kumbukumbu na tabia, na wengi wao hutoa tiba pia. Mchanganuzi nafsi hushughulika zaidi na yale ambayo mtoto anayahisi bila kujua kuwa anayahisi: wivu, hofu, hasira kwa mtu anayempenda. Hayo hujitokeza kwa njia ya kukojoa kitandani, kukataa shule, kuota ndoto mbaya au kuumwa tumbo kila Jumatatu. Kabla ya yote, daktari wa kawaida amwangalie mtoto. Minyoo na maambukizi ya mkojo hayaondolewi kwa mazungumzo.

Mbona anacheza naye tu?

Kwa sababu mtoto wa miaka 5 hawezi kulala kwenye kochi na kusimulia maisha yake. Melanie Klein, mchanganuzi nafsi wa watoto, aligundua jambo hili Berlin, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alikuwa akimtibu msichana wa miaka 7 ambaye alikuwa amejifungia katika ukimya. Klein akaenda kwenye chumba cha watoto wake mwenyewe, akakusanya magari, wanasesere wadogo, matofali machache na garimoshi, akavitia kwenye sanduku na kumletea. Mtoto akaanza kucheza, na mchezo ukasema yale ambayo mdomo ulikuwa umeyazuia.

Tuseme mtoto wa miaka 6 amepata mdogo wake mwezi uliopita. Kila akija anamchukua mwanasesere mdogo kuliko wote na kumfukia ndani ya plastisini (udongo laini wa kuchezea). Mtaalamu mchanga ataropoka: "Unamchukia mdogo wako!" Mtoto atafunga sanduku na kuomba kwenda chooni. Mwenye uzoefu huanza na kile kinachoonekana: "Huyu mdogo amefukiwa kabisa, hata kichwa hakionekani." Ananyamaza. Pengine siku nyingine ndipo ataongeza: "Labda kuna mtu anatamani mambo yarudi kama zamani." Hapo hatafuti "ndiyo" ya mtoto, anatazama kinachofuata. Mtoto akimfukua mwanasesere, au akikimbilia bomba na kunawa mikono mara tatu, hilo ndilo jibu.

Ndani ya sanduku huwa na nini?

Vitu vidogo na vya kawaida: wanasesere wa watu wa saizi mbili, wanyama wa kufugwa na wa porini, magari, uzio, matofali ya mbao, karatasi, penseli, mkasi, gundi, kamba, mpira, plastisini. Wanasesere hawavai sare ya polisi wala ya daktari, maana sare humpangia mtoto hadithi kabla hajaianza. Vya betri havifai. Kitu kinacholia na kuwaka taa chenyewe hucheza peke yake, na mtoto anabaki mtazamaji. Chumba kiwe na sakafu inayofutika, maji, meza na viti vifupi, na kisiwe na kitu ambacho mtaalamu atakionea uchungu kikimwagikiwa rangi.

Kila mtoto ana sanduku au droo yake, nayo hufungwa. Hakuna mwingine anayeigusa. Vituo vingi hukosea hapa: huweka rafu moja iliyojaa midoli hamsini ya wote. Mtoto hurukaruka kutoka kitu hadi kitu kama yuko dukani, na wiki ijayo anakuta ngome yake imebomolewa na mtoto asiyemjua. Kosa jingine ni kutupa kilichovunjika. Gari lililokatwa gurudumu hubaki humo humo. Mtoto aliyelivunja kwa hasira atakuja siku moja kulitafuta, na namna atakavyolitafuta (kwa aibu, kwa gundi mkononi, au kwa kulivunja zaidi) ni sehemu ya tiba.

Kwa nini wengine huenda mara 4 au 5 kwa wiki?

Uchanganuzi kamili ni vikao 4 au 5 kwa wiki, dakika 50 kila kimoja, kwa miaka. Ni ghali, na ni familia chache zinazoweza. Kliniki nyingi hutoa kikao kimoja, wakati mwingine viwili, kwa wiki. Kinachohesabika zaidi ni kutobadilika: chumba kile kile, saa ile ile, vitu vile vile. Kila kitu kikiwa kilekile, kinachobadilika ni mtoto, nawe unamwona. Likizo ya mtaalamu hutangazwa wiki kadhaa kabla, na kwa wadogo huchorwa kalenda wakahesabu siku. Mtaalamu akiondoka ghafla, dalili zilizokuwa zimetulia zinaweza kurudi.

Mtoto akimpiga mtaalamu je?

Anazuiwa, bila kugombezwa. Maneno huwa mafupi: "Unaweza kusema una hasira nami, unaweza kuichora, unaweza kuupiga mto. Mimi hapana." Hasira yenyewe inapokelewa, kwani mara nyingi haikuwa yake mtaalamu. Mtoto amemhamishia hisia za mtu mwingine, na kuzitambua hizo ni nusu ya kazi.

Je, kijana wa miaka 15 anayekaa kimya saa nzima?

Midoli humdhalilisha, na maswali mfululizo humfanya ajione yuko polisi. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa London aliyekuwa pia mchanganuzi, alikuwa na mchezo mwepesi wa kuanzia: yeye huchora mstari wowote bila kufikiri, mtoto anaugeuza kuwa kitu, kisha wanabadilishana zamu. Wapo vijana wanaoupenda. Wengine huja na simu, na wimbo wanaousikiliza unaweza kuwa mlango. Kimya chenyewe kina aina zake: kuna cha kununa, kuna cha woga, na kuna cha kupumzika kwa mtu ambaye nyumbani haachwi hata dakika. Ukikivunja haraka hutajua kilikuwa kipi.

Mzazi ataambiwa kinachosemwa humo?

Hapana. Ataambiwa kwa ujumla mtoto anaendeleaje, katika vikao vyake mwenyewe vya mara kwa mara, mara nyingi na mtaalamu mwingine. Siri ina mpaka mmoja na mtoto huelezwa siku ya kwanza: ikiwa kuna hatari ya yeye kujiua, kuumizwa au kumuumiza mtu, watu wazima wanaohusika wataambiwa. Kazi nyingi hufa kwa wazazi. Mtoto anaanza kujibu mkubwa badala ya kunyamaza, baba anaona ameharibiwa, anamtoa. Ndiyo maana vikao vya wazazi ni vya lazima.

Mtaalamu husomea nini?

Mambo matatu pamoja: nadharia, kutibu chini ya msimamizi, na yeye mwenyewe kuchanganuliwa kwa miaka ili asimbebeshe mtoto mizigo yake. Kuna pia zoezi lililoanzishwa na Esther Bick katika kliniki ya Tavistock, London, mwaka 1948. Mwanafunzi huenda nyumbani kwa familia yenye kichanga, saa moja kila wiki, tangu kuzaliwa hadi miaka 2. Haandiki akiwa pale, hatoi ushauri, hambebi mtoto kwa kujipendekeza. Anatazama, kisha akifika kwake anaandika kila alichokiona. Wengi husema kukaa bila kufanya chochote ndiko kulikowashinda.

Inafanya kazi kweli?

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2017 ulifuatilia vijana 465 wa miaka 11 hadi 17 wenye sonona. Ulilinganisha tiba fupi ya uchanganuzi ya hadi vikao 28, tiba ya fikra na tabia (CBT), na huduma fupi ya ushauri. Hakuna iliyozidi nyingine. Vijana wa makundi yote matatu walipata nafuu, na nafuu ilidumu. Kwa hiyo anayekwambia njia yake pekee ndiyo hutibu, muulize ushahidi wake.

Na fani hii imewahi kukosea vibaya. Bruno Bettelheim wa Chicago alieneza wazo kwamba usonji (autism) husababishwa na mama asiye na mapenzi. Si kweli: usonji unahusu ukuaji wa ubongo, na akina mama wengi walibebeshwa lawama isiyo yao. Mtaalamu anayeanza kwa kukulaumu, ondoka.

Lini nisisubiri miadi?

Mtoto akijikata, akisema anataka kufa, akisikia sauti zisizokuwepo au akiacha kula kabisa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kenya, Tanzania na Uganda, 116 ni simu ya watoto isiyo na malipo.

Nimwambie nini kabla ya siku ya kwanza?

Ukweli, kwa maneno machache: "Umekuwa ukiamka usiku unalia, na sisi hatujui tukusaidieje. Kuna mtu huwasaidia watoto na mambo kama hayo. Utacheza au utaongea, upendavyo, nami nitakuwa nje nakusubiri." Usimdanganye kuwa mnaenda dukani. Usimwahidi soda akitulia. Anayemsindikiza, awe bibi, dada wa nyumbani au wewe, awe yule yule kadiri inavyowezekana, na awe amekaa palepale mlango ukifunguliwa. Njiani kurudi, usimuulize amesema nini. Muulize kama ana njaa.