Moto wa umeme ukishazimika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Moto wa hitilafu ya umeme hudanganya macho. Unaunguza soketi moja na kipande cha ukuta, watu wanashukuru Mungu, na jioni ileile mafagio yanatoka. Kumbe madhara mengi yamejificha ndani ya bomba za waya, juu ya dari, na kwenye masizi laini yaliyotua hata vyumba ambavyo moto haukufika. Ndiyo maana mambo mengi yanayosemwa kuhusu kusafisha nyumba iliyoungua hayafai: yanahukumu kwa kinachoonekana tu.

“Kimeungua soketi tu, tubadilishe soketi yaishe”

Hii nitaikalia kidogo, maana ndiyo inayorudisha moto. Waya nyingi za nyumbani huvikwa ganda la PVC, aina ya plastiki, lililotengenezwa kustahimili nyuzi 70 za Selsiasi zikiwa kazini. Shaba iliyo ndani hupitisha joto upesi sana, hivyo soketi inapowaka, ganda hulainika hadi sehemu ya waya iliyofichwa ukutani. Waya mbili zilizolainika husogeleana, na baadaye zikatenganishwa na utando mwembamba tu wa plastiki. Taa zitawaka kama kawaida na pasi itapata moto. Kisha siku mzigo ukiwa mkubwa, utando unashindwa.

Dhana hii ina nduguye: “sakiti breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) haikuruka, kwa hiyo chanzo si umeme.” Mara nyingi chanzo ni kiungo kilicholegea, labda skrubu ambayo haikukazwa. Pale penye ulegevu ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, hupanda na joto hujikusanya, ilhali umeme unaopita haujazidi kiwango. Sakiti breka ya kawaida haina cha kuona hapo. Inaweza kutulia huku plastiki inaungua.

Kwa hiyo inayokaguliwa ni sakiti nzima. Fundi umeme anayejua kazi yake huja na kipimo cha kupima uzima wa ganda la waya, kinachosukuma volti 500 za umeme mnyoofu (DC). Kwa sakiti za kawaida za nyumbani, viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya masuala ya umeme, vinataka ukinzani wa ganda usipungue megaomu 1 (omu milioni moja). Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Waya mpya zilizo nzima husoma juu zaidi ya hapo, hivyo usomaji unaopita 1 kwa shida bado ni wa kutilia shaka. Anayechungulia kwa tochi na kusema “iko poa” hajakagua kitu. Soketi iliyoungua nayo isitupwe mapema. Ipigwe picha ikiwa mahali pake, kisha ihifadhiwe, kwa sababu mchunguzi wa chanzo na kampuni ya bima wataiulizia.

“Nimezima swichi kuu, umeme haupo tena”

Upo upande wa mita, kabla ya hiyo swichi. Na siku hizi upo kwingine pia. Paneli za sola juu ya paa hutoa umeme kila mwanga unapozipiga, na inveta yenye betri, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, inaweza kuendelea kulisha baadhi ya soketi bila habari ya gridi. Nyumba yenye vyanzo viwili huzimwa mara mbili, na waya hupimwa kabla ya kuguswa hata kama kila mtu anaapa kuwa umekatika. Kama maji ya kuzimia moto yametuama sakafuni, usiyapite kwenda kuzima swichi. Waachie wazimamoto au shirika la umeme wakate kutoka nje.

Wakati uko hapo nje, angalia moshi wowote mpya. Moto wa waya hupenda kubaki darini au ndani ya ukuta wa mbao. Ukuta ambao bado una joto saa kadhaa baadaye, au harufu ya plastiki inayozidi badala ya kupungua, ni sababu ya kutoka na kuwaita tena wazimamoto.

“Masizi ni vumbi jeusi, maji na sabuni yatamaliza”

Laiti. Masizi ya plastiki yana mafuta, na kitambaa kibichi huyasukuma ndani ya rangi na plasta yakawa doa la kudumu. Tena PVC inapoungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu hugeuka asidi ya hidrokloriki. Kwa hiyo masizi ya waya hula chuma baada ya moto kuzimika. Bawaba, mabomba na vitasa vilivyokuwa ving’aavu vinaanza kupata kutu huku mwenye nyumba bado anasubiri nafasi ya kusafisha. Vyuma ndivyo vifutwe na kukaushwa mapema.

Kwingine kote, ukavu hutangulia. Masizi mepesi hufyonzwa kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe ndogo sana, mdomo wake ukishikwa juu kidogo ya uso bila kusugua. Mashine ya kawaida hunasa chembe kubwa na kutema zile ndogo hewani kwa upande wa pili, na hizo ndogo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Baada ya hapo hufuata sponji kavu ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi ya masizi, kuanzia darini kushuka. Maji ya vuguvugu na sabuni huja mwisho, na hapa mwelekeo hugeuka: ukuta huoshwa kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakichuruzika kwenye ukuta mkavu huacha michirizi migumu kutoka. Klorini ya kufulia haisaidii kitu kwa masizi, na ikichanganywa na siki au dawa yenye amonia hutoa gesi ya sumu.

Unga wa mtungi wa kuzimia moto usidharauliwe. Aina inayotumika sana ina monoamonia fosfeti, ambayo ikipata unyevu huwa na asidi. Ufyonzwe mkavu, usimwagiwe maji.

Barakoa ya kitambaa? Haizuii chembe hizi. Vaa ya daraja la N95 au FFP2, zilizotengenezwa kuchuja chembe ndogo, na ujue kwamba hata hizo hazichuji gesi. Glavu, miwani ya kuziba na mikono mirefu ni vya lazima, na watoto wasiingie. Katika nyumba ya zamani yenye dari au paa la asbesto, usivunje wala kufagia chochote kilichopasuka. Hiyo ni kazi ya wenye mafunzo.

“Televisheni inawaka, basi imepona”

Asidi ileile imetua kwenye bodi zake na inaendelea kazi. Kifaa kilichopata moshi kisichomekwe hata kwa majaribio, maana masizi hupitisha umeme. Kifunguliwe na fundi, kisafishwe, kipimwe.

“Paka rangi, harufu itakwisha”

Harufu inarudi, na doa la manjano hujitokeza kupitia rangi mpya. Masizi yatolewe kwanza, kisha ipakwe rangi ya msingi ya kuziba madoa, kama ile ya shelaki (utomvu wa wadudu), halafu ndiyo rangi ya kawaida. Manukato hufunika tu. Mashine za ozoni zinazouzwa kwa kazi hii zinaumiza mapafu, wala hazifai kuwashwa penye watu, wanyama au mimea. Nguo zenye moshi zisipigwe pasi kabla harufu haijaisha, kwani joto hulikaza doa.

Plasta na magodoro yaliyolowa maji ya kuzimia yana haraka kuliko rangi: kuvu huweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48.

Jikoni, chakula kilichopigwa na joto au moshi hutupwa, hata kama kimo kwenye mifuko ya plastiki, maana moshi hupenya. Makopo yaliyovimba au kuungua yaende nayo. Vyakula vinavyoharibika vilivyokaa kwenye friji iliyokosa umeme zaidi ya saa 4 visionjwe kwa kubahatisha, na dawa zilizopata joto zirudishwe kwa mfamasia.