Shotokan si chui milia, na Funakoshi hakubuni karate

Kuna jibu ambalo wanafunzi wa karate hulikariri kabla ya mtihani wa mkanda, na masensei wengi, yaani walimu wa karate, hulipatia alama zote: "Karate ilibuniwa na Gichin Funakoshi, naye akauita mtindo wake Shotokan, yaani chui milia." Makosa matatu kwa pumzi moja.

Shotokan ni mtindo wa karate unaotambulika kwa misimamo mirefu ya chini na mapigo yaliyonyooka. Hapo hakuna ubishi. Vurugu iko kwenye jina na kwa watu wanaotajwa nalo.

Funakoshi alizaliwa Shuri, kisiwani Okinawa, mwaka 1868. Alikuwa mwalimu wa shule na mtu wa mashairi, na mashairi yake aliyatia sahihi ya Shoto, neno linalobeba ule mvumo wa misonobari upepo unapoipitia. "Kan" ni ukumbi. Miaka ya 1930 wanafunzi wake walipomjengea dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, mtaa wa Mejiro, Tokyo, walitundika kibao mlangoni: Ukumbi wa Shoto. Kwa hiyo Shotokan lilikuwa jina la jengo, na jengo lenyewe liliteketea kwa mabomu mwaka 1945. Mzee hakuwahi kuupa mtindo wake jina hilo. Alishikilia kwamba karate ni moja, na hakupenda kuona watu wakijigawa kwa majina ya mitindo. Yule chui milia wa kwenye fulana za Shotokan alichorwa na msanii Hoan Kosugi kwa ajili ya kitabu cha Funakoshi. Ni nembo nzuri, basi.

Sasa hilo la "kubuni". Funakoshi alifundishwa na wazee wawili wa Shuri, Anko Azato na Anko Itosu, na hao nao walikuwa na walimu wao. Itosu ndiye aliyeingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiye aliyetunga zile kata tano za Pinan, yaani mifuatano ya mapigo na mikingo iliyopangwa, ili watoto wawe na pa kuanzia. Funakoshi alizibadilisha jina zikawa Heian. Maana yake kila mwenye mkanda mweupe anayehangaika na Heian Shodan, ya kwanza kati ya hizo, anafanya kazi ya Itosu, na picha yake hata ukutani haipo.

Alichofanya Funakoshi ni kikubwa kwa namna nyingine. Mwaka 1922, akiwa ameshapita miaka 50, alikwenda Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya elimu ya viungo yaliyoandaliwa na wizara ya elimu, na hakurudi kuishi kwao. Jigoro Kano, baba wa judo, alimwalika Kodokan, makao makuu ya judo. Kutoka judo karate ikachukua sare nyeupe na mfumo wa mikanda, na mwaka 1924 chuo kikuu cha Keio kikawa na klabu yake. Huyu ni msambazaji na mpangaji. Hata kuandika "kara" ya jina karate kwa herufi ya "tupu" badala ya ile ya "China", jambo ambalo husifiwa kwalo, Chomo Hanashiro wa Okinawa alikuwa ameshalifanya mwaka 1905.

Zaidi ya hapo, Shotokan tunayoiona leo ingemshangaza mzee. Ile misimamo mipana ya chini na mateke ya juu hutajwa zaidi kuwa kazi ya mwanawe, Yoshitaka, aliyefariki mwaka 1945 kwa kifua kikuu akiwa bado kijana. Baada ya vita, Masatoshi Nakayama akakiongoza kitengo cha ufundi cha Chama cha Karate cha Japani, kilichoanzishwa mwaka 1949, akapanga kozi ya walimu na kanuni za mashindano. Funakoshi hakuwa mtu wa mashindano kabisa. Alifariki Aprili 1957, na ubingwa wa kwanza wa taifa wa chama hicho ulifanyika mwaka huohuo. Wanafunzi wake waliochukizwa na mwelekeo huo, Shigeru Egami akiwa miongoni mwao, wakafuata njia yao, kikundi cha Shotokai. Waliobaki ndio walioupeleka mtindo nje: Hidetaka Nishiyama Los Angeles mwaka 1961, Hirokazu Kanazawa Hawaii mwaka huohuo, Keinosuke Enoeda Uingereza mwaka 1965.

Basi kumwita Funakoshi baba wa karate ya Japani hakuna ubaya. Wengi humwita hivyo, na anastahili. Ila mtahini akiuliza nani aliibuni, jibu halina mtu mmoja. Na akiuliza nani aliifanya Shotokan iwe hivi ilivyo, mtajie Itosu, Yoshitaka na Nakayama pamoja na mzee mwenyewe, hata kama kwenye karatasi yake ameacha nafasi ya jina moja.