"Run" ya Kiingereza haiishii kwenye kukimbia

Karatasi ya maelekezo ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya boksi la pampu ya maji. Upande wa Kiswahili palikuwa na onyo kwa herufi nzito: "Usikimbie pampu ikiwa kavu." Nililisoma mara tatu, nikageuza upande wa Kiingereza, nikakuta "Do not run the pump dry." Kumbe walichotaka kusema ni kwamba usiiwashe pampu ikiwa haina maji, maana maji hayo ndiyo yanayoipoza na kuilainisha sili ya ndani, yaani kifaa kinachozuia maji yasivuje. Ikizunguka kavu, sili inaungua. Mtu asiyejua Kiingereza angeweza kuliheshimu onyo hilo neno kwa neno na bado akaiunguza pampu yake.

Kosa hili linaniuma, kwa sababu ndivyo wengi tulivyofundishwa: neno moja la Kiingereza, neno moja la Kiswahili, basi. "Run" ni kukimbia, na daftari likafungwa. Wenye lugha yao wenyewe hawakulimaliza kirahisi hivyo. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililotoka mwaka 1989 kwa juzuu 20, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set", maana 430 hivi. Baadaye, kamusi ilipokuwa ikifanyiwa marekebisho, mhariri Peter Gilliver alikaa na "run" kwa takriban miezi tisa, akaifikisha maana 645 za kitenzi peke yake.

Hakuna haja ya kukariri 645. Tazama kwanza neno lilikotoka. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kina vitenzi viwili vinavyofanana: "rinnen" ni kutiririka na "rennen" ni kukimbia. Kiingereza kimeyabeba yote mawili kwa "run". Kwa hiyo tangu zamani neno hili lina miguu na lina maji. Ukilishika hilo, sentensi nyingi zinafunguka. Mto ukiwa "running" unatiririka. Pua ikiwa "running", mtu anatokwa na kamasi. Rangi za nguo "zikirun" kwenye maji, nguo inachuja. Barabara "inayorun" kando ya ziwa inapita kando ya ziwa, haiendi popote. Na ugonjwa ukisemwa "runs in the family", ni wa ukoo, unashuka kutoka kizazi hadi kizazi kama maji yanavyoshuka bondeni.

Muda nao unatiririka. Filamu "inarun" saa mbili, yaani inachukua saa mbili. Mkataba "unarun" miaka mitatu, yaani muda wake ni miaka mitatu.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyomponza mtafsiri wa pampu, na hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko kamusi yoyote. Sisi tuna kauli ya kutendesha. Kitu kinakwenda, mtu anakiendesha. Kiambishi kidogo tu kinatuonyesha nani anatenda na nani anatendeshwa. Kiingereza kwa kitenzi hiki hakiongezi kitu: mashine "runs", na fundi naye "runs the machine". Msomaji anapaswa kutambua mwenyewe kwa kuangalia kinachofuata. Kwa hiyo kila unapoona "run" imefuatiwa na kitu kinachotendwa, jaribu kwanza "kuendesha": kuendesha kampuni, kuendesha programu, kuendesha semina. Mara nyingi utakuwa umepata. Injini, treni, viwanda na mwishowe kompyuta ndizo zilizoipa nguvu maana hii, kwani kila chombo kipya kilihitaji kitenzi cha kusema kinafanya kazi, na Waingereza wakakitumia kile kile.

Si kila mara, lakini. "Run a bath" ni kufungulia maji ya kuoga, na "run a fever" ni kuwa na homa, hakuna kinachoendeshwa hapo. "Run a risk" ni kujihatarisha. Mtu aliyesema "I'm running late" anakuambia atachelewa, na pengine bado ameketi kitini.

Kwenye siasa mambo yanafurahisha zaidi. Mgombea wa Marekani "runs" kwa ajili ya urais, ilhali mazoea ya Uingereza ni kusema "stand", kusimama. Mmoja anakimbia na mwingine amesimama, na wote wawili wanagombea.

Vijineno vinavyokuja nyuma ya kitenzi vinahitaji uangalifu wa pekee. "Run into" rafiki ni kukutana naye bila kupanga, ila gari "likirun into" ukuta limeugonga. "Run out of" chumvi ni kuishiwa chumvi. "Run down" inaweza kuwa betri kuisha nguvu, jengo kuchakaa, au mtu kumponda mwenzake kwa maneno. Anayeona huu ni usumbufu wa Kiingereza peke yake na atazame "piga" yetu: tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, hodi na magoti, na mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kutumia fimbo ana kazi ngumu kama yetu.

Nomino nitaitaja kwa ufupi. "A run on the bank" ni wateja kuikimbilia benki kwa wingi kutoa fedha zao wakihofia itafilisika. Kwenye kriketi "run" ndiyo inayohesabiwa kama alama. Na "in the long run" ni baada ya muda mrefu, mwisho wa yote.

Nikirudi kwenye pampu, ningeandika tu: "Usiwashe pampu ikiwa haina maji." Lakini ukikutana na kisima kilicho "run dry", maneno ni yale yale mawili na kazi yake imebadilika. Hapo hakuna anayeendesha kitu. "Run" inasema kisima kimefikia hali hiyo, kama akiba "inayorun low" inavyozidi kupungua. Kisima kimekauka.