Je, wajua kwa nini kichupa cha chanjo kina kimraba ndani ya duara?

Kitazame kwa karibu kichupa cha matone ya polio. Kwenye lebo yake kuna duara dogo la zambarau, na katikati yake kimraba chenye rangi hafifu. Si nembo ya kiwanda. Ni kipimajoto kisicho na betri wala tarakimu, na wahudumu wa chanjo hukiita VVM. Kilianza kubandikwa kwenye matone ya polio mwaka 1996.

Chanjo iliyoharibiwa na joto haibadiliki rangi wala harufu. Kichupa hutoka kiwandani, kikapita bohari ya taifa, ya mkoa na ya wilaya, kisha kikamalizia safari juu ya pikipiki, ndani ya kisanduku chenye pakiti za barafu. Kipimajoto cha friji ya zahanati hakiwezi kujua kwamba juzi umeme ulikatika huko bohari. VVM inajua, kwa sababu imesafiri na kichupa chenyewe.

Kimraba kimepakwa kemikali za jamii ya diasetilini. Zikipata joto, molekuli zake huanza kushikana, na kadiri zinavyoshikana ndivyo rangi inavyokolea. Haipauki tena: kichupa kikirudishwa kwenye baridi, kukolea hupungua kasi tu. Duara halibadiliki, lipo la kulinganishia. Hapo ndipo ilipo akili ya kifaa hiki. Mhudumu hana haja ya kukariri ni zambarau ipi iliyo mbaya, jibu limechapwa pembeni.

Maadamu kimraba ni cheupe kuliko duara, chanjo hutumika, mradi tarehe yake haijapita. Kikilingana na duara au kukolea zaidi, kichupa hutupwa, hata kama tarehe bado iko mbali. Na kimraba hakianzi kikiwa cheupe pe. Tangu kiwandani kina kivuli cha zambarau, kwa hiyo rangi hiyo peke yake isimtishe mtu. Kati ya vichupa viwili vinavyofaa, hutangulia kile kilichokolea zaidi.

Chanjo hazivumilii joto sawa, ndiyo maana VVM zina aina kadhaa, zikiwemo 2, 7, 14 na 30. Namba hizo ni siku ambazo kimraba huchukua kufikia rangi ya duara kwenye nyuzi joto 37. Matone ya polio, yaliyo deko sana, hupewa VVM 2. Ile ya 30 huhimili takriban siku 193 kwenye nyuzi 25, na zaidi ya miaka minne kwenye nyuzi 5.

Mahali pa kubandika nako kuna sababu. Chanjo za unga, kama ya surua na ya kifua kikuu, huwekewa VVM kwenye kifuniko au shingoni mwa kichupa. Ukifungua kichupa, VVM hutupwa pamoja na sehemu hiyo, kwani baada ya kuchanganywa na maji yake chanjo hizo hutumika kwa saa 6 tu au hadi kliniki iishe, lipi litangulie.

Udhaifu wa VVM ni kwamba haioni kuganda. Chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B iliyoganda huwa imeharibika huku kimraba kikiendelea kung'aa. Chembe zake za aluminiamu hushikamana mabonge, na zikishashikamana hazitawanyiki tena. Hili hutokea sana vichupa vikigusa ukuta wa friji wenye barafu, au vikipangwa kwenye kisanduku na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza. Pakiti za barafu huachwa nje kwanza hadi ukizitikisa usikie maji ndani.

Ukishuku, tikisa. Chukua kichupa kingine cha kiwanda kilekile na toleo lilelile, kiandike "KIMEGANDISHWA", kigandishe usiku kucha kiwe kigumu, kisha kiache kiyeyuke chenyewe. Vitikise vyote viwili pamoja kwa sekunde 10 hadi 15, vipange mezani kwenye mwanga, uvitazame kwa hadi dakika 30. Kile unachokishuku kikituama polepole kuliko cha majaribio, ni kizima. Vikienda sawa, au chenyewe kikitangulia kutuama, kitenge. Cha majaribio nacho kisirudi kwenye friji, asije mtu akakitumia.